Jua, Sekstanti na Meli Niliyoiweka Mtama

Mwaka wangu wa kwanza baharini niliichukua meli iliyosheheni saruji nikaiweka Mtama. Kwa msomaji wa mbali, Mtama ni mji mdogo wa wakulima na wafanyabiashara, magharibi ya Lindi, na maji yake ya karibu ni ya kisima. Nilitia alama ya penseli, nikaandika saa pembeni, nikaweka saini. Miaka tisa baadaye, katika meli hiyohiyo, nilipima jua vizuri kuliko nilivyowahi kupima maishani, na hakuna mwenye mamlaka aliyeniamini, kwa kuwa mimi ndiye yule wa Mtama. Aliyeumia hakuwa mimi. Aliyeumia ni nahodha wangu, Kapteni Hilari Nandonde, aliyenyang'anywa cheti kwa kosa ambalo mimi nasema hakulifanya. Yuko hai, amevuka miaka themanini, anaishi Lindi, na jina lake bado halijasafishwa.

Nyinyi vijana wa vyuo vya ubaharia mmeniuliza namna ya kupata usahihi kwa sekstanti. Najua kwa nini mnauliza. Mna mtihani, mtihani una swali moja la sekstanti, na mtalisahau kabla wino haujakauka. Si neno. Nitawajibu, ila kwa kuwaeleza makosa, maana mtu aliyepima sawasawa huwa hana la kusimulia.

Sekstanti ni chombo cha mkononi chenye vioo viwili na darubini ndogo. Unatazama mstari ambapo bahari inakutana na mbingu, unalishusha jua kwa kioo mpaka ukingo wake wa chini uuguse ule mstari, kisha unasoma pembe. Pembe hiyo, ukiwa na saa sahihi na kitabu cha majedwali, inakupa mstari mmoja kwenye ramani, na meli yako iko mahali fulani juu ya mstari huo. Basi. Hakuna uchawi. Lakini kati ya jua na ile penseli kuna milango mingi ya makosa, na mimi nimepita yote.

Tuanze na Mtama, maana najua ndiyo mnayoisubiri.

Meli yetu iliitwa Mavuji. Ilibeba saruji na bati kwenda kusini, ikarudi na chumvi na korosho. Asubuhi moja tulikuwa nje ya Lindi, tukielekea Mtwara, nami nikapima jua langu la kwanza bila kusimamiwa. Nilipiga hesabu mara mbili. Mara zote mbili penseli iliondoka kwenye sehemu ya buluu ya ramani, ikapanda ufukweni, ikaendelea bara. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nilikuwa na kitu kibaya kuliko ujinga: nilikuwa na cheti kipya. Nikapeleka karatasi kwa Kapteni.

Ramani ya bahari haina Mtama. Kapteni Nandonde alifungua droo, akatoa ramani ya barabara, akaikunjua juu ya ile ya bahari, akapima kwa kidole na rula bila haraka.

"Kijana," akasema, "Mtama tunashusha nini?"

Mshika usukani alikuwa ameuma midomo akitazama mbele kama mtu anayesali.

"Serahangi," Kapteni akaita, "njoo uone ofisa wetu alikotufikisha."

Serahangi ni msimamizi wa mabaharia, na wetu aliitwa Issa Mkwinda, Mmwera wa Nyangao, mtu wa sala tano na maneno machache. Alikuja, akainama, akatazama.

"Hapa nina mjomba," akasema. "Tukipita nishusheni, nitawakuta mbele."

"Utatukutaje mbele?"

"Kwa basi, Kapteni. Ni karibu kuliko kwa meli."

Kufikia wakati wa chakula, meli nzima ilikuwa inajua. Mpishi aliniuliza kama msimu wa korosho umeanza huko tuliko. Fundi wa mashine, ambaye hata kwa kawaida hakuwa akipanda juu, alipanda juu kuniuliza kama nimeona ng'ombe. Nikawa Bwana Mtama, na jina hilo lilinitangulia katika kila bandari kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara.

Kapteni hakucheka sana. Alikuwa mtu wa kufuatilia. Alichukua sekstanti yangu, akaikagua, akasema pembe haina kosa kubwa. Kisha akawasha redio na kusubiri zile alama za saa kamili, akiwa ameweka macho kwenye saa ya meli, ile kronomita iliyokaa ndani ya sanduku lake la mbao. Ilikuwa imetangulia dakika tatu kamili.

"Nani amegusa saa hii?"

"Mimi," akasema Serahangi Issa, bila hata kubadili sauti. "Juzi. Ramadhani imeingia. Nimesogeza dakika tatu ili watu waache daku mapema, mtu asije akala ndani ya alfajiri. Ni tahadhari."

"Na futari? Kwa saa hii mtafungua kabla jua halijazama."

"Futari nasikiliza redio."

Kapteni, ambaye ni Mkatoliki, alifunika sanduku la saa. "Serahangi, tahadhari yako imetuhamisha maili arobaini na tano."

"Maili zinarudi, Kapteni. Saumu ya watu ikiharibika nani atairudisha?"

Msimcheke Serahangi Issa. Nyumba gani kwenye pwani yetu haina saa iliyosogezwa mbele? Mama yangu, pale Kinjumbi, saa yake ya ukutani ilitangulia dakika kumi ili asichelewe, na alikuwa akitoa zile dakika kumi kichwani, akachelewa vilevile. Saa kwetu ni kitu cha kuonya, si cha kupimia. Lakini dunia inazunguka bila kujali nia njema. Kila sekunde nne ambazo saa yako imekosea ni maili moja ya bahari, mashariki au magharibi. Ikitangulia, inakusukuma bara. Dakika tatu zinatosha kukutoa baharini hadi kwenye mikorosho.

Dawa aliyoitoa Kapteni ilikuwa na sehemu mbili. Alinunua saa ya ukutani ya bei ndogo, akaitundika jikoni, akamwambia Serahangi asogeze anavyotaka. Ile ya meli akaifunga kwa kufuli. Na hata yeye mwenyewe hakuirekebisha tena. Saa ya kupimia jua haisahihishwi, vijana. Inaachwa iende inavyokwenda, na kila siku unaandika kwenye daftari imekosea sekunde ngapi. Saa yenye kosa linalojulikana ni mali. Saa inayorekebishwarekebishwa ni sawa na shahidi anayebadilisha maneno kila anapoulizwa.

Na msomaji wa saa naye afundishwe. Mpimaji anasema "sasa", msomaji anasoma sekunde kwanza, halafu dakika, halafu saa. Tulikuwa na baharia mmoja mstaarabu sana aliyeanza na saa kwa sababu ndiyo kubwa. Alipomaliza "ni saa mbili na dakika kumi na saba na sekunde...", sekunde zilikuwa zimeshakwenda zake.

Mlango wa pili wa makosa ni chombo chenyewe. Kabla ya kila kipimo, weka sekstanti kwenye sifuri na utazame upeo wa bahari. Upeo wa kweli na ule wa kwenye kioo vinapaswa kuwa mstari mmoja. Ukiona umevunjika kama kozi ya matofali iliyojengwa na fundi mlevi, chombo kina kosa. Geuza skrubu mpaka mstari unyooke, kisha soma kosa ni kiasi gani na liko upande gani wa sifuri. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapokufa, ujue kama unaliongeza au unalitoa. Nimemwona ofisa mzima akiliongeza kosa alilopaswa kulitoa, kwa uangalifu mkubwa, kila siku, kwa miezi minne. Alikuwa na mwandiko mzuri sana.

Tatu, kuyumbisha. Sekstanti ikishikwa imeinama kidogo, jua linaonekana limegusa bahari kumbe limeegemea ubavuni, na pembe inakuwa kubwa kuliko ukweli. Kwa hiyo unakiyumbisha chombo kama pendulamu, kushoto na kulia. Jua litachora upinde. Sehemu ya chini kabisa ya ule upinde ndiyo inayopaswa kugusa maji. Kapteni alikuwa akinisimamisha kwenye baraza ya nje ya chumba cha usukani na kuniambia, "Yumbisha. Usimtazame kama mchumba, yumbisha." Nikayumbisha mpaka viganja vikaota sugu.

Nne, na hapa nina jambo moyoni. Pima mara nyingi. Mkono unatetemeka, meli inapanda na kushuka, jicho linachoka. Kipimo kimoja kinaweza kuwa kizuri au kibaya na hutajua ni kipi. Pima mara tano, mara saba, ndani ya dakika sita. Weka kila pembe na saa yake kwenye karatasi ya mirabaraba. Jua likipanda, nukta zitapanda kwa mstari. Ile inayojitenga na wenzake, iache. Chora mstari katikati ya zilizobaki, uchukue pembe yako hapo. Kazi hiyo ni ya dakika kumi.

Tulikuwa na ofisa wa kwanza, mkubwa wangu wakati ule, ambaye aliona hayo ni mambo ya watu wasiojiamini. Yeye alipima mara moja tu. Alivaa miwani myeusi, akaivua kwa madaha, akainua sekstanti, akasema "sasa", akashusha, akaenda kunywa chai. Tulimwita Risasi Moja. Mwaka mmoja, mwezi wa kumi, tulikuwa nje ya Kilwa, na mwezi huo adhuhuri jua linasimama karibu kabisa na utosi. Wakati huo hata mzoefu hutia shaka, kwa sababu jua linaweza kuwa kidogo upande wa kaskazini au kidogo upande wa kusini, na ukigeukia usipopaswa hesabu yote inapinduka. Mtu mwenye subira hupima akitazama pande zote mbili, akalinganisha. Risasi Moja alipima mara moja, akitazama kaskazini, jua likiwa kusini. Karatasi yake ikatuvusha mto Ruvuma.

"Tuko Msumbiji," Serahangi Issa akaniambia kwa sauti ya chini. "Afadhali wewe ulituacha nyumbani."

Hakuna aliyempa Risasi Moja jina la mji wa Msumbiji. Alikuwa na jamaa ofisini, na miwani. Alipanda cheo mwaka uliofuata, akatoka baharini, akapewa meza.

Mimi nilipanda polepole, kwa sababu nilikuwa nikijifunza. Wakati wa likizo nilijifunza hata nchi kavu. Mke wangu ni wa Kipatimu, huko juu kwenye vilima vya Umatumbi, ambako bahari haionekani na upeo ni migomba. Bila upeo wa bahari unaweza kupima kwa sinia lenye mafuta. Unaliweka chini jua lijione ndani yake, unapima pembe kati ya jua la juu na jua la kwenye mafuta, unaigawa kwa mbili. Niliomba mafuta ya nazi ya mama mkwe, lita nzima, nikayamimina kwenye sinia lake la kupakulia wageni, lile kubwa la bati. Nikapiga magoti uani.

Kwanza walikuja kuku. Halafu upepo, mafuta yakakunjamana, jua likavunjika vipande. Nikafunika sinia kwa kipande cha kioo cha dirisha. Halafu akaja jirani, akaniona nimepiga magoti mbele ya sinia nimeweka chombo jichoni, akarudi kinyumenyume. Kufikia jioni ilikuwa inasemekana mkwe wa nyumba ile anaagua.

"Baba," mama mkwe akaniambia kwa upole, akiwa amesimama mbali kidogo kama inavyopasa kwa mkwe, "hayo mafuta yangu unayauliza nini?"

"Nayauliza nyumba yako iko wapi, mama."

Akageuka akaitazama nyumba. "Si iko hapa?"

Baada ya siku tatu, hesabu yangu iliiweka nyumba yake maili moja kutoka ilipo, na yeye aliliona hilo kuwa ushahidi kwamba wanaume wa pwani wanapoteza mafuta. Mimi nilirudi melini nikiwa mtu mwingine. Maili moja, kwa mkono wangu, kwa siku njema. Nilijua sasa kipimo changu kina thamani gani, na kujua hivyo ni zaidi ya nusu ya usahihi. Ofisa asiyejua anakosea kwa kiasi gani ni abiria aliyevaa sare.

La mwisho ni upeo. Kwenye pwani yetu jioni jua liko upande wa nchi, na wavivu hulishusha mpaka kwenye ufukwe, wakidhani wanapima bahari. Ufukwe si upeo, uko karibu mno. Na mwezi wa tisa na wa kumi watu wa bara wanachoma mashamba, moshi unashuka kutoka vilimani unakaa juu ya maji kama shuka, na chini yake unaonekana mstari safi wa uongo. Ukiona hivyo, geuka. Pima asubuhi, jua likiwa baharini. Upande wa mashariki hakuna shamba la mtu.

Sasa Kapteni.

Ilikuwa msimu huohuo wa moshi. Nilikuwa nimekuwa ofisa wa kwanza. Tulitoka Mtwara na chumvi tukielekea Kilwa. Rada ilikuwa imekufa tangu safari mbili nyuma, na kampuni ilikuwa inalishughulikia suala hilo kwa namna kampuni zinavyoshughulikia. Nchi haikuonekana kabisa. Kusini ya Kilwa kuna mwamba wa matumbawe unaojulikana na kila mtu, umechorwa kwenye ramani na msalaba wake, na Kapteni alitaka kujua jambo moja tu: tumekaa mbali nao kiasi gani.

Asubuhi saa mbili nilipima. Jua lilikuwa mashariki barabara, na jua likiwa mashariki mstari unaoupata unakwenda kaskazini na kusini, yaani unakuambia uko umbali gani kutoka pwani, kile tulichokuwa tukikitafuta. Upeo ulikuwa kama umekatwa kwa wembe. Kosa la chombo nilikuwa nimelisoma kabla, na nikalisoma tena baada ya kumaliza. Kosa la saa nililichukua kwa redio alfajiri ileile. Nilipima mara saba. Nukta tano zilikaa kwenye mstari mmoja kama shanga kwenye uzi. Mbili zilijitenga, meli ilikuwa imeyumba, nikaziacha. Tulikuwa maili mbili na nusu nje ya ule mwamba. Ramani iliandika hapo mita themanini za maji.

Kapteni alichukua karatasi, akazipitia namba moja baada ya nyingine kama alivyofanya siku zote. "Nakubali," akasema. Tukaendelea na njia yetu.

Baada ya nusu saa Mavuji iligonga. Mara tatu, chini, upande wa kushoto, kama mtu anayebisha hodi na hataki kusubiri. Vikombe vilianguka. Kisha meli ikapita, na tukawa tunaelea tena, maji yakiingia kwenye chumba cha mbele. Tulitupa uzi wa kupimia kina; haukugusa chini. Tulifika Kilwa Masoko kwa pampu na kwa ndoo, na hakuna aliyekufa. Baadaye, ilipopandishwa kwenye chelezo, nje ya maji, walikuta bonde refu kwenye bamba la chini, na vipande vya matumbawe vimekwama ndani yake.

Kamati ya uchunguzi ilikaa wiki mbili baadaye. Watu watatu nyuma ya meza ndefu, na wa katikati, mwenyekiti, alikuwa Risasi Moja. Miwani alikuwa ameibadilisha.

Hoja yao ilikuwa fupi. Matumbawe yako kwenye mwamba unaojulikana. Meli imegonga matumbawe. Basi meli ilikuwa juu ya mwamba, na nahodha aliipeleka maili mbili na nusu ndani ya alipopaswa kuwa. Nikaweka mezani karatasi yangu na nukta saba.

"Ofisa," mwenyekiti akasema, "kwa nini ulipima mara saba?"

"Ili kupata uhakika."

"Kwa hiyo ulipopima mara ya kwanza hukuwa na uhakika."

"Hakuna mtu anayekuwa na uhakika kwa mara ya kwanza."

"Wengine tulikuwa nao," akasema. Wale wawili wakatabasamu. "Na hizi mbili hapa pembeni?"

"Nimeziacha. Meli iliyumba."

"Umetupa ushahidi."

"Sijatupa. Ziko hapo kwenye karatasi, unaziona."

Akaisukuma karatasi mbele kwa kidole kimoja. "Samahani, wewe si ndiye yule wa Mtama?"

Chumba kizima kilicheka, hata mwandishi wa kumbukumbu za kikao, mama wa watu ambaye hajawahi kupanda meli. Nilitaka kuitaja Msumbiji. Sikuitaja. Nilifikiri itamdhuru Kapteni. Mpaka leo sijui kama nilifanya vema kunyamaza.

Kisha wakamgeukia yeye, na wakampa mlango wa kutokea. Aseme tu kwamba ofisa wake alimpotosha. Cheti changu kingechukuliwa, chake kingebaki, na kwa mtu aliyekuwa na jina kama langu hakuna ambaye angeshangaa.

Kapteni Nandonde alisimama. "Karatasi yake niliipitia mwenyewe," akasema. "Nilikubaliana nayo. Ninakubaliana nayo sasa. Tuligonga mahali aliposema tulikuwa. Pelekeni chombo kikapime kina."

"Ramani inasema mita themanini, Kapteni."

"Ramani hiyo ilipimwa na watu waliotupa uzi hapa na pale, wakarudi kwao. Kati ya uzi na uzi hawakuangalia. Pelekeni chombo."

Hawakupeleka. Wakamnyang'anya cheti miaka miwili, na miaka miwili ilipokwisha hakuna kampuni iliyompa meli. Alisimamia mashamba ya chumvi Mchinga mpaka alipochoka. Nilipokwenda kumwona mara ya kwanza huko, niliomba radhi. Akaniuliza kama bado ninayumbisha.

Nimeandika barua nyingi kwa ofisi husika, nikiambatisha nukta zangu saba. Wamenijibu mara mbili kwamba barua imepokelewa. Sasa mnaanza kuona kwa nini nawasumbua na sekunde na skrubu. Kipimo cha mtu hakiaminiwi kwa uzuri wake tu, kinaaminiwa kwa jina la aliyepima, na jina linaharibika asubuhi moja. Tazameni mikono yenu kabla hamjatia saini.

Wiki chache zilizopita nilipata mgeni. Ni nahodha kijana wa chombo kidogo cha mizigo kinachokwenda Kilwa na kurudi Mtwara kila wiki, mstaarabu, amesoma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Habari za njia?"

"Njema. Kuna kitu nimekiona, labda utacheka." Akaketi. "Mashine ya kupimia kina ilipagawa. Tulikuwa kwenye mita themanini na kitu, ikashuka mpaka tisa, nahesabu sekunde moja, mbili, tatu, nne, ikarudi themanini."

Niliweka kikombe chini. "Wapi?"

"Kule nje, kabla ya Kilwa."

"Kule nje wapi? Una kioo cha setilaiti mbele yako kinachokutajia ulipo kwa hatua za miguu."

"Kilikuwa kinaonyesha. Sikuandika."

"Ukafanya nini?"

"Nilidhani mashine imeharibika. Nikaizima, nikaiwasha. Ikawa sawa, nikaenda kula."

"Ulikula nini?"

"Wali na pweza."

"Hilo umelikumbuka."

Akacheka kwa aibu. Nilimuuliza kama mashine huhifadhi njia iliyopita. Huhifadhi, akasema, lakini hujifuta yenyewe ikijaa, na ilikuwa imeshajaa. Nilimuuliza kama aliona samaki wengi, kwa sababu kundi nene la samaki linaweza kuidanganya mashine. Hakutazama. Nilimuuliza ilikuwa siku gani. Alhamisi, au labda Jumatano.

Kapteni Nandonde sijamwambia. Sijui nimwambie nini. Namba niliyonayo ni tisa, huenda ndiyo mwamba tuliougonga, lakini haina mahali. Kijana nimempa daftari na penseli, nikamwonyesha pa kuandika saa, kina, na mahali meli ilipo, kwa mpangilio huo. Amekwisha kupita njia ile mara tatu tangu hapo. Mara ya kwanza bahari ilichafuka akapita ndani, karibu na pwani. Mara ya pili alikuwa amelala, zamu ilikuwa ya mwenzake. Mara ya tatu aliandika vizuri, kila dakika tano, ukurasa mzima, na kina hakikushuka chini ya sabini na sita. Kati ya dakika tano na dakika tano, chombo chake kinakwenda zaidi ya nusu maili.